Wasioguswa na Chuma

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefumua baibui lile lile mara ya pili. Mkono wa kulia nimeushona kushoto. Mteja anakuja kesho kulichukua, naye ni mkali kuliko mimi.

Kisa ni Maalim. Mume wangu amekubali kwenda kwao Somalia kupatanisha watu. Ukoo wake na ukoo wa jirani wanauana kwa ajili ya kisima, na wazee wa pande zote mbili wamemtaka yeye. Kwa nini yeye? Ana madrasa hapa Mayfair, huku kusini mwa Afrika. Ana presha. Nimemwuliza. Akasema kwao mtu wa dini haguswi na chuma, sawa na mwanamke, mtoto na mgeni. Ndiyo desturi. Mimi mtu wa Tanga, desturi hiyo siijui. Akaendelea kukunja kanzu.

Jumatano, 6 Agosti

Ameondoka. Sumaya hakulia. Kwenye gari akaniambia kwa Kiingereza nitulie, Baba anajua anachofanya. Binti wa miaka kumi na minne ananituliza mimi. Nikamjibu ovyo.

Baridi kali, Agosti ya huku. Kitanda kikubwa mno.

Alhamisi, 7 Agosti

Wameua shehe. Wa upande wa pili, akitoka msikitini. Watu wa ukoo wetu ndio wamemuua.

Habari nimeipata kwa Halima, anayeuza chai mlangoni pa duka ninaposhonea. Halima ni wa ukoo ule. Wiki hizi Wasomali wa koo hizo mbili hawakai meza moja hapa Mayfair, lakini mimi nakunywa kwake kama kawaida. Marehemu alikuwa binamu ya mama yake. Nilimpa pole, akanishika mkono asiuachie.

Hawaguswi na chuma! Nimemkasirikia Maalim kana kwamba yuko chumbani.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimepumua. Abdi, mdogo wake Maalim, alikuja baada ya sala. Maalim yuko Mogadishu, anangoja ndege ndogo ya Jumatatu. Akishuka huko kwao atakuta gari la vijana wa ukoo, wenye bunduki. Watamfikisha hadi kwenye mkutano. Abdi amepanga yote kwa simu.

Nimempikia pilau. Nikalala mchana, usingizi mzito.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwambia Halima habari ya gari. Nilidhani atafurahi pamoja nami. Akaweka birika chini.

"Mama Sumaya, shehe akija na bunduki si shehe tena. Ni askari."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Ulinzi wake ni mikono mitupu. Haendi na silaha wala hasindikizwi na silaha. Na sasa wao wamezika shehe wao, vijana wao wana hasira, gari kama hilo ndilo wanalolitafuta.

Nilikwenda mbio kwa Abdi. Abdi ameibiwa mara mbili kwenye spaza yake, kiduka chake kule kitongojini, siku hizi haamini kitu kisicho na risasi. Nikamsihi alizuie gari. Akasema, "Eish, shemeji, desturi hiyo ilikufa na shehe wao." Mjinga. Na ni mjinga anayempenda kaka yake, ndiyo maana siwezi hata kumchukia.

Simu ya Maalim haipatikani. Tangu jana.

Jumapili, 10 Agosti

Sikai. Nikikaa nasimama. Nimefagia palipofagiwa.

Kaka yake Halima ni mmoja wa wazee wa upande ule. Anaweza kuwaambia watu wake kwamba Maalim hakuomba bunduki. Lakini lazima aambiwe Maalim anakuja lini na anapita njia ipi. Akiwa mtu mbaya, nimemuuza mume wangu.

Halima ameniuliza kama nina hakika. Sina. Nikamwambia piga.

Amepiga nikiwa nimesimama karibu yake. Kisomali cha haraka. Nililisikia jina la Maalim, kisha jina la mji. Basi. Sumaya haambiwi kitu. Abdi haambiwi kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Hakuna simu. Nimemfokea Sumaya kwa ajili ya viatu mlangoni. Akalia. Nikalia na mimi. Viatu vilikuwa vyangu.

Jumanne, 12 Agosti

Yu hai. Amepiga kwa simu ya kuazima.

Alipoona bunduki alikataa kupanda. Walimbembeleza, akapanda kwa aibu. Alasiri wakasimama kuswali. Alipomaliza kuswali hakurudi garini, akashika njia kwa miguu. Mbele akamkuta kaka yake Halima na wazee wenzake wanamngoja, wamebeba maziwa ya ngamia, kama anavyopokewa mgeni. Nilicheka kwa sauti hadi Halima akaja kuangalia.

Kisha akaniambia lililobaki. Vijana hawakutaka kumwacha peke yake, walimfuata na gari kwa mbali. Likapigwa risasi. Vijana wa upande ule walikuwa wanaivizia njia, wazee wao hawakuwaweza. Dereva amekufa. Ni Liban, mtoto wa dada yao Maalim na Abdi. Alikuwa karibu kuoa.

Alhamisi, 14 Agosti

Maalim amemswalia Liban. Anasema pande zote mbili zilisimama nyuma yake, na bunduki ziliachwa mbali. Mazungumzo yanaendelea. Hatarudi mwezi huu.

Kisha akauliza, "Nani aliwaambia napita njia ile?"

Nikasema ni mimi.

Akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Abdi anajua?"

"Bado."

"Mwambie wewe mwenyewe."

Hakusema nimefanya vema wala vibaya. Nilitaka aseme mojawapo, lolote.

Asubuhi hii kuna jua dogo. Nimemwekea Sumaya chai. Nimevaa, nakwenda kwa Abdi kabla wateja hawajajaa.