Kona Niliyoikata Chini ya Sinki

Mama Espe wangu,

Tangu turudi kutoka Bukavu tukajenga hapa Kamembe, hakuna mwanaume aliyefunga bomba kama mimi. Waulize. Mikono hii imepitisha maji kwenye nyumba za mapadri na za mashehe, na hakuna tone lililowahi kunidharau.

Uongo. Nimefunga bomba moja tu maishani, lile la chini ya sinki yako, na ndilo lililokutoa nyumbani. Nilijua jambo hilo Jumanne, mbele ya wageni. Kalamu yenyewe inaona haya.

Kuna mwalimu anataka kupanga vyumba vyetu viwili vya mbele. Mtu wa mashaka: kabla ya kukubali alileta fundi aikague nyumba nzima. Fundi mwenyewe mwanamke, suruali imejaa mifuko. Akagonga kuta, akapanda juu ya paa, mimi namfuata nikijisifu, na jirani yetu Mzee Hamisi anatufuata sote, maana tangu aache kazi ya kiwanda cha simenti hana pa kwenda. Jikoni yule mama akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sinki, akakitoa haraka.

"Mzee, sifoni iko wapi?"

"Sifoni ya nini? Maji inashuka yenyewe."

"Nani alifunga hii?"

Mama Espe, nilimuua mtu pale pale. "Fundi mumoja wa zamani," nikasema. "Alishakufaka."

"Mungu amurehemu," akasema, "lakini alikuwa mujinga."

Nikaitikia amina. Mzee Hamisi akacheka mpaka akashika ukuta. "Marehemu njo huyu! Anakulaka kwangu kila Idi!"

Ndipo yule mama akanifundisha polepole, kama mtoto. Ile kona ya bomba chini ya sinki, ndiyo sifoni yenyewe, haikupinda kwa kupotea njia. Inabakiza maji kidogo ndani yake, na maji hayo ndiyo kifuniko: harufu ya shimo la maji machafu ikipanda, inakuta pamefungwa, inarudi. Ukiikata kona, shimo lote linapumulia jikoni.

Unakumbuka nilivyoikata? Ulikuwa unasugua masufuria kwa majivu, kama mama yako alivyokufundisha, majivu yakawa yanaziba kona kila Jumamosi, na mimi nimechoka kuizibua kwa waya. Nikaleta msumeno. Nikaweka bomba lililonyooka, nikalifunga kwa mpira wa baiskeli, nikakuita uje uone. "Maji ni kama mwanaume," nikasema, "inapenda njia ya kunyooka."

Ukanijibu, "Mwanaume gani? Weye ukitumwa chumvi unapitiaka kwenye baa tatu."

Siku ile tulicheka wote wawili. Harufu ilikuja baadaye. Ukaniuliza inatoka wapi, nikasema ni sambaza zako, vile visamaki vyako vya ziwa. Basi ukahamishia kikaango nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mvua ilikukuta huko, mwavuli mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, mimi ndani nangoja sahani. Harufu haikutoka. Nikasema imeshaingia ukutani.

Halafu wakaja wakwe, wazazi wa mume wa binti yetu Espe, nami nikataka kuwachekesha. "Mutuvumilie," nikawaambia, "bibi yangu ananukaka samaki kuliko ziwa." Wakacheka. Wewe ukainua vidole vyako, ukavinusa, ukavificha chini ya kitenge. Nilikuona. Nikaongeza mzaha mwingine.

Espe alipozaa, ukaenda kwake Nyakabuye kwa mwezi mmoja. Mtoto sasa ana meno. Watu wakiniuliza nasema mjukuu amekung'ang'ania. Lakini sijasahau ulichoniambia mlangoni, gari linakupigia honi: "Siku utaniomba musamaha mbele ya batu, hapana chini chini, njo nitarudia kukukaangia sambaza ndani ya hii jiko."

Basi Espe aisome barua hii kwa sauti, na wakwe wale wale waitwe, wakae, wasikie. Hukunuka hata siku moja. Ilinuka kazi ya mikono yangu, nikakuvika wewe kama nguo. Nisamehe. Siweki mzaha hapa, ingawa upo mmoja umekaa ulimini unanisumbua.

Sifoni mpya imefungwa. Jana nilisimama jikoni nikavuta pumzi ndefu: hakunuki kitu. Sinki safi, jiko baridi, hata kitunguu hakuna. Mama Espe, heri ile harufu ya shimo.

Mimi nimesema mbele ya watu. Sasa imebaki ahadi yako: sahani moja tu ya sambaza, zikaangwe ndani, na mlango ufungwe. Masufuria nitayasugua mimi, huko nje kwenye migomba, hata mvua ikinyesha.

Bwana wako,
marehemu fundi