Mbao za Muzee Muhindo

Papa,

Sijui nianzie wapi. Basi nianze na habari ya leo asubuhi. Karani wa tribinali, pale mahakamani, ametuma neno kwamba kesi yako ya parseli, kile kiwanja chako, imeamuka. Wenye kushika muji sasa wamefungua tena milango, wameweka muamuzi wao, na dosie yako, yale makaratasi ya kesi, imeonekana. Murithi aje aseme kama anaendelea ama anaacha. Murithi ni mimi. Lakini niendelee mbele ya nani, Papa? Avoka wako, yule wa kukutetea, alikimbia siku bunduki zilipoingia, na kwa simu ananiambia ngoja, serikali ya kwanza ikirudi itasema hukumu ya hawa ni bure. Mama naye anasema tukingoja tutakuta nyumba ya watu imeshasimama pale.

Parseli unaijua kuliko mimi. Moto wa mulima, ile volkano, ulipopita mutaa wetu wa Mapendo nilikuwa ningali mugongoni kwa Mama. Mulinihadithia tu namna wewe ulivyorudi mawe yangali na joto, ukayavunja, ukasimamisha atolie yako ya useremala juu yake. Miaka ikapita, halafu komini, ofisi ya serikali ya mutaa, ikasema pale hapana mwenyewe, alama za mipaka zimefunikwa na mawe. Wakafanya munada ndani ya ofisi, mulango umefungwa, mununuzi mumoja: Muzee Muhindo, muuza mbao, jirani yetu, mwenzako wa kwaya. "Munada wa mutu mumoja ni munada gani?" Ulishitaki, ukamuuliza muamuzi wa wakati ule, ukatuuliza na sisi kwenye meza, mpaka Mama akasema kula kwanza.

Sasa kuna jambo usilolijua. Ulipotutoka, barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa, na muji wote hauna ubao. Watu walikuwa wanazika ndugu zao ndani ya blanketi. Wewe seremala, tukakukosea sanduku la kuzikia. Ndipo Muhindo akaja nyuma ya chukudu, ile baiskeli ya miti ya kusukuma, iliyojaa mbao za muvula, nzuri kabisa. Baba mudogo akazipokea. Vijana wako wa atolie wakazipiga randa huku wanalia.

Na unajua desturi yetu. Kaburi halijafunikwa, mukubwa wa familia anauliza kama kuna mwenye neno na marehemu, deni ama ugomvi, limalizikie pale. Muhindo akainua mukono, akasema, "Mimi na yeye, hakuna neno tena." Baba mudogo akajibu, "Tumeshukuru." Watu wote wakasema amina, udongo ukaanza kushuka.

Je, kesi ilifia pale? Majirani wanasema ndiyo, huwezi kushitaki mutu ambaye baba yako analala ndani ya mbao zake. Padri anasema kaburi si tribinali. Na Muhindo mwenyewe nikikutana naye ananisalimia na machozi, machozi ya kweli, Papa, halafu napita kwenye parseli naona amemwaga muchanga na saruji. Siku zingine namuchukia. Siku zingine najiuliza, bila yeye tungekuzika na nini? Kichwa changu kimechoka. Wewe ungecheka, ungesema Kavira anawaza kama anapika maharagwe, hayaivi.

Barabara imefunguka kidogo. Nimeagiza mbao za muvula kutoka Masisi, nimesema ziwe nzuri kama zake ama kuzipita. Nitazipeleka mwenyewe kwa Muhindo, muchana, watu wakiona. Baba mudogo nimemuambia aje asimame pale, aondoe lile neno lake la "Tumeshukuru" kwa mudomo wake uleule. Amekasirika, lakini atakuja. Muhindo akilia, alie. Nikitoka pale naenda kwa karani kutaja jina lako, kesi iendelee. Muamuzi yupi ni wa kweli, bado sijui. Nitasema mbele ya huyu aliyepo, na wakija wengine nitasema tena.

Pumuzika, Papa wangu. Nakuahidi hili moja tu, mengine siyawezi bado. Kuanzia siku hiyo utakuwa umelala ndani ya mbao zako mwenyewe.

Mutoto wako,
Kavira