Mluzi Ulionichongea Dunga

Mama Njeri wangu,

Mimi ni mzima, tena nimeshiba samaki ngege wa kukaanga mpaka nimelegeza mkanda. Lakini lile uliloniambia litatokea limetokea: nimejulikana.

Nilipanda boti hapa ufukweni Dunga kama mgeni yeyote, kofia mpaka machoni, nione watu wa Kisumu wana dawa gani ya kuvuta wageni kutushinda sisi wa Naivasha. Mwenye boti ni mama anayeitwa Akinyi. Tulikuwa sawa mpaka tai akapita juu yetu. Unajua kazi ni mazoea: nikajikuta nimesimama, nimepiga ule mluzi wetu wa kumwita tai, mkono juu kama nina samaki wa kumrushia!

Akinyi akazima injini. "Bwana, hiyo mluzi ni ya Naivasha. Wewe ni dereva wa boti kama mimi."

Nikakubali, nikingoja kutupwa majini waliko viboko. Akacheka mpaka boti ikayumba. "Hata mimi nilikuja kwenu mwaka jana kuwachungulia. Wageni wangu nawaambia huko ni baridi tu."

Mama Njeri, nilipumua! Sasa tumekubaliana: wageni wakimaliza kwake awatume kwetu, nasi tuwatume kwake. Mwezi ujao analeta wa kwanza mwenyewe.

Nilitaka ushushe kile kibao changu cha langoni, "Kisumu ni Mbu Tu". Kiache. Akinyi anayo picha yake tayari, ya mwaka jana, na anataka nyingine akiwa amesimama chini yake.

Mbusu Njeri. Nimewakumbuka.

Baba Njeri