Maji Aliyokupa Mama Zamu

Kaka Taban,

Nina hasira, na wewe ndiye pekee ninayeweza kumweleza.

Unakumbuka tuliporudi Koboko, kwetu Uganda, kutoka ukimbizini Kongo, ulikuwa umeshaanza kuongea na watu tusiowaona? Ulipenda maji kuliko chakula. Ulikunywa ya kisimani, ya jerikani, hata ya kuoshea vyombo, mpaka tumbo likavimba. "Leta maji, kichwa yangu iko na moto," ulisema, na sote tuliamini yanapoza wazimu. Lakini Mama Zamu, mke mdogo wa baba, ndiye peke yake aliyekuletea bila matusi.

Siku ya soko ulianguka uani, ukatukutika kama mwenye kifafa. Ulipozinduka mapaja yalikuwa yamevimba na kukakamaa, ukipiga mayowe tukikugusa. Mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi. Baba mkubwa akauona.

"Sumu! Huyu mwanamuke iko na sumu!"

Yeye na wanaume wa ukoo walimburuta Mama Zamu kwa nywele. Baba mkubwa alimpiga kwa mchi, nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Wakamshindilia jerikani mdomoni: "Kunywa wewe kwanza!" Akanywa, maji na damu vikimtoka puani. Nawe ulitambaa kwa viwiko, ukipiga kelele, "Wacha yeye! Mimi ndiyo nataka maji!" Baba mkubwa akakunyamazisha kwa teke. Namchukia mpaka leo.

Hospitalini Arua daktari alieleza kwamba maji mengi mno yaliipunguzia damu yako chumvi, ndiyo ukatukutika vile. Misuli ikaharibika, uchafu wake ukaziba figo. Sumu haikuwepo. Baba mkubwa alisikia kwa masikio yake, na bado siku tuliyokuzika akamfukuza Mama Zamu akiwa na mkono uliofungwa kitambaa.

Sasa anaishi kijijini Manibe. Jana nilimtembelea. Alinichotea maji, akaonja kwanza mbele yangu, ndipo akanipa. Hata wajukuu anawafanyia hivyo. Nilitamani kukipasua kile kikombe ukutani, kaka. Nikakinywa chote, nikaomba kingine. Alipokiinua aonje, nilimshika mkono, ule uliopinda, nikakichukua.

Alilia sana. Kisha akaniuliza kama kaburi lako linapata mvua.

Pumzika, kaka. Linapata.

Mdogo wako wa kike