Fumbata, Kisha Achia

Baba Zuhura,

Amani iwe juu yako hapo ulipolazwa. Mimi amani sina, nakwambia mapema usije ukadhani nakuandikia kukulilia. Kulia nimeshalia, miezi minne na siku kumi. Leo nimeshika kalamu nikusimulie nilivyomkomesha kaka yako Hemedi.

Ulitoka kwenda kuswali Ijumaa, ukarudi umebebwa. Presha, wakasema. Siku ya tatu, matanga ndiyo kwanza yanaanuliwa, Hemedi huyo mlangoni kwangu, mkono kaunyoosha. Anataka ufunguo wa chumba cha uani, kile tulichokifanya bruda ya kulelea vifaranga. "Shemeji, wewe uko eda. Kaa na tasbihi yako. Vifaranga nitawatazama mimi." Mtu ambaye hajawahi kumwekea maji hata jogoo! Eda ilinizuia kutoka nje, haikunizuia kufuga ndani ya ua wangu. Lakini siku ile nikaufungua pindoni mwa kanga. Nikampa.

Alichosahau ni kwamba chumba kile na kitanda changu vimetenganishwa na ukuta mmoja, wenye matundu ya hewa juu. Na masikio haya uliyafundisha wewe. Unakumbuka? Ulikuwa ukinifunga macho kwa kanga pale mlangoni, unaniuliza, "Haya Mama Zuhura, wana nini hawa?" Wakilia sauti nyembamba, ya juu, bila kupumzika, wana baridi. Wakinong'ona chini kwa chini, wameshiba na joto linawatosha. Nikikosea ulikuwa unanicheka wiki nzima.

Kundi la kwanza Hemedi alilitandikia vumbi la mbao. Nilimwona dirishani akishusha viroba. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shemeji, hayo si maranda, hilo ni vumbi. Vifaranga watadhani ni chakula." Akacheka. "Mbao ni mbao, shemeji."

Mbao ni mbao! Na wewe ulikuwa unamfuata seremala wa Zinga kuchagua maranda makavu, yasiyo na rangi wala dawa ya mchwa, unanusa gunia kwa gunia mpaka akakuuliza kama unanunua bizari. Vifaranga wakala lile vumbi. Vifuko vyao vya shingoni vikajaa, vikawa vigumu kama kokoto. Wakafa wote.

Kundi la pili alileta maranda, kajifunza nusu. Hakuyageuza hata siku moja. Chombo cha maji akakiweka chini badala ya juu ya tofali, vifaranga wakawa wanakipanda na kukimwaga. Wiki ya pili harufu ya maranda yaliyolowa na kinyesi ikapita matunduni, ile inayochoma pua mpaka macho yanatoka machozi. Nilikuwa juu ya mswala na nikaijua hapo hapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sijamwambia mtu. Nilinyamaza.

Ningeweza kugonga ukuta. Ningeweza kumtuma Zuhura akamwambie baba yake mkubwa atoe yale mabichi, aweke makavu, kazi ya dakika chache. Nikajisemea, mwache, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wakaanza kuhara damu. Nikawasikia wanapungua siku hadi siku, mpaka upande wa pili ukawa kimya. Hawakunikosea kitu wale, Baba Zuhura. Hasira zilikuwa zangu na Hemedi, wakafa wao. Hilo linaniuma, wala sikufichi.

Na unajua kaka yako alisema nini? Kisirani! Alikaa barazani akawaambia watu nyumba imeingia kisirani cha mjane, kuku hawakai. Eti eda ikiisha nirudishwe kwetu Mkange nikapumzike, na kile chumba akigeuze stoo yake. Nyumba niliyokandika kwa mikono hii! Nikasema moyoni, subiri, Hemedi. Siku zinahesabika.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa, nikajitia udi. Dua ikasomwa, wanaume barazani, imamu yupo, pilau linapakuliwa. Nikatoka nikasimama mbele yao. "Shikamooni wazee wangu. Shemeji, naomba ufunguo." Atakataaje mbele ya imamu? Akautoa mfukoni pole pole kama anang'olewa jino.

Nikaingia bruda. Alikuwa hajaizoa tangu vifaranga wafe, wallahi, mafunza yanatembea. Nikachota konzi moja la maranda pale chini penye chombo cha maji, nikarudi nalo. "Shemeji, lete mkono." Akauleta bila kufikiri. Wa kulia, na sinia la pilau linakuja!

"Fumbata, kisha achia. Ndivyo mdogo wako alivyokuwa akipima kila asubuhi. Yakimwagika, ni makavu. Yakishikana, yatoe, yanaua."

Akafumbata. Akaachia. Likabaki donge zima kiganjani, jeusi, linanuka, watu wakajifunika pua. Shangazi yenu Bi Tatu akachungulia kutoka kwa wanawake, akasema, "Hee! Hemedi, hicho ndicho kisirani chenyewe?"

Walicheka mpaka imamu akainamisha uso. Hemedi akaenda kunawa kwa sabuni, akanawa kwa limau, harufu haitoki. Akala kwa kijiko peke yake, wenzake wote mikono imo siniani. Na imamu alipomaliza kula akasema ufunguo ubaki kwa mwenyewe. Mkange sikwenda, na siendi.

Bruda nimeizoa yote, nimeisugua, nimeipaka chokaa, nikaiacha wazi ikauke vizuri. Maranda nimeyachagua mwenyewe Zinga, nikayanusa. Seremala akanitazama, akageuka upande, akafuta macho. Hapo nililia kidogo, nisamehe. Vifaranga wapya wameingia Jumamosi. Sasa hivi nawasikia wananong'ona.

Nakuahidi jambo moja mume wangu. Sitanyamazia kilio cha kifaranga tena, hata akiwa kwa adui yangu. Lala salama, Mungu akupanulie kaburi lako.

Ama Hemedi, amemtuma Bi Tatu mara mbili kuniomba radhi. Nimemjibu kwamba lile donge sikulitupa, nimeliweka kwenye kopo dirishani. Siku litakapomomonyoka lenyewe, nitamsamehe. Bi Tatu kaona ni haki, na kila akija analichungulia. Hajui kwamba kila asubuhi, nikishawabadilishia vifaranga maji, yanayobaki nalinyunyizia lisikauke.

Ni mimi,
Mama Zuhura