Mikono Inayovukuta

Kijiji Kipya, Mikinduri
9 Septemba 1955

Kwa Baba yangu mpendwa, Mukiri,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, kikohozi kimepungua? Sisi tu wazima, na njaa imelegeza mkono. Nawe bwana unayekagua barua za wafungwa wa kambini, nakusalimu pia. Humu hamna siri, ni shanga tu.

Uliuliza tunaishije na wahunzi wamekatazwa kufua chuma. Baba, chupa zinatulisha! Askari wanakunywa, sisi tunaokota. Tunatwanga kioo mpaka kiwe unga, tunajaza vikombe vya udongo, tunachomeka kijiti kiungue kiache tundu, kisha motoni. Kahawia na kijani hazipatani. Ukizichanganya shanga inapasuka. Hilo nilijifunza kwa kuharibu kazi ya wiki nzima, nikalia kama mtoto. Buluu ndiyo mfalme. Inatoka kwenye chupa za dawa ya tumbo, na wanawake sokoni wanainyang'anyana.

Bundi, mkuu wa homgadi, hao askari walinzi wa kijiji, alikuja akifoka kwamba moto wa mhunzi hauzai ila mikuki. Nikamwekea shanga kiganjani, akaitia mfukoni na kwenda zake. Kesho yake mkewe alikuja kuagiza, tena na mahindi mkononi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Ulimsifu baba mdogo Mwongera kwa kuushika moto wako, ukasema heri nyumba ya mhunzi haikukosa mwanamume. Nikanyamaza, na kunyamaza kumenichosha. Baba, kifua cha Mwongera hakiwezi. Yeye hukaa mlangoni tu, wapita njia waone mwanamume. Anayevukuta mivukuto yako na kuupulizia moto upepo ni mimi, tangu Januari.

Najua ni mwiko kwa mwanamke hata kuigusa. Mama alipiga yowe, akasema laana ya wahunzi itatumaliza. Nilimjibu kwamba njaa imeitangulia laana, maana Kivuti, kitindamimba wako, alikuwa hawezi tena kusimama. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Nami ningekutii, na leo ningekuwa nakuandikia habari za kaburi lake. Sasa anakimbia kutwa, haambiliki!

Ukitaka kunilaani, nilaani. Nitaumia sana, maana nakupenda. Lakini mivukuto siiachi, na hata ukirudi, tutavukuta kwa zamu.

Mama anakusalimu, na Mwongera pia, kutoka pale pale mlangoni. Mungu akurudishe ungali na nguvu.

Ni mimi binti yako,
Karambu wa Mukiri,
mhunzi wa shanga