Uhuru wa Mwalimu Kiilu

Kitui,
Agosti 1979

Kwako dada yangu Mbula,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na kwamba michungwa ya Kilungu inazaa vizuri. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo utazisoma humu.

Uliuliza kuhusu mchumba wangu, Mwalimu Kiilu, yule msomi wa chuo kikuu anayefundisha fasihi katika shule ya wavulana hapa mjini. Nilikuwa nikijivuna naye. Sasa nashangaa nilijivunia nini.

Kila Jumamosi mchana Kiilu huziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, akatundika shuka ukutani na kuonyesha sinema za Wazungu. Katika moja, mwanamume alikaa hotelini akivuta sigara mpaka sinema ikaisha. Mzee Jabiri, mwenye duka la vitambaa, aliuliza kama yule mtu hakuwa na jamaa wa kumtafuta. Kiilu alimcheka, kisha akatufafanulia vitabu vyake: eti maisha hayaji na maana yoyote, mtu hujichagulia mwenyewe, na anayesema hana namna ni mwongo tena mwoga. Wanafunzi waliandika kila neno. Mimi nilikaa mbele nikitikisa kichwa kama mjusi.

Msomi huyo ndiye aliyempelekea baba mbuzi watatu wa ntheo, wa kufunga uchumba, kule Kyuso, maana kwetu bila mbuzi hao huitwi mke wa mtu. Hapo sikumlaumu. Lakini mwezi uliopita mama yake alitangaza kwamba nikiolewa nitaacha ualimu, nikakae naye Migwani kulima pojo. Nilimwuliza Kiilu atamjibu nini. Akasema mama ameshaamua, yeye hana namna. Nilipomkumbusha maneno yake, akasema hayo ni mambo ya vitabu, nisiyalete nyumbani. Dada, nilimtazama na miwani yake nikaona hafai hata kuchunga kuku.

Nilipotaka kuvunja uchumba, baba alisema mwanamke harudishi ntheo; hiyo ni kazi ya wazee, na wazee hawajaona kosa. Beberu wao tulikwisha kumla. Nikanunua mwingine, nikawatoa wale wawili zizini kwa baba bila ruhusa, nikawapandisha wote kwenye lori la mahindi, na Jumamosi nikawaingiza ukumbini sinema ikiendelea. Walisimama mbele ya shuka wakilia mee. Nikamwambia Kiilu mbele ya wanafunzi wake kwamba nimejichagulia. Unajua alinijibu nini? Kwamba nimemwaibisha, na watu watasema nini! Mzee Jabiri alicheka mpaka akashikilia kiti.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Baba amenikataza kukanyaga kwake, na mama hakunitetea. Wenzangu wa kanisani wananipita kimya. Kila siku natafuta wa kumlaumu, namkosa, kwa kuwa hakuna aliyenituma. Yule mjinga alisoma maneno hayo miaka mitatu asiamini hata moja. Mimi niliyaamini, dada. Katika ukumbi mzima, ni mimi peke yangu. Naogopa sana, na sirudi nyuma.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Ukimwona baba, usiniombee msamaha.

Ni mimi mdogo wako,
Mutindi